Baraza la Punda

Mzee huyu alibeba mizigo bandarini Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu astaafu, kazi yake ni kukaa kwenye baraza ya nyumba moja Ilala, kunywa kahawa chungu na kuwaharibia vijana bao lao kwa ushauri wasiouomba. Siku moja nilimwuliza historia ya baraza la vyama vya wafanyakazi. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza umri wa mkewe.

"Baraza ninayoijua ni hii niliyoikalia," alisema, akiipiga saruji kwa kiganja. "Hilo lako silijui. Ila najua habari ya punda."

Nikamwambia nitaiandika. Akasema niandike, kwa sharti kwamba hakuna mtu atakayetajwa ndani yake, maana yeye ni mzee sasa na punda hawana kesi na mtu. Sharti nililikubali haraka, jinsi watu wanavyokubali masharti ya mkopo.

"Paukwa!"

"Pakawa," niliitikia, na wale wa bao wakaitikia pia bila kuinua macho.

Zamani za Simba, pwani kulikuwa na punda. Simba mwenyewe hakuwa wa huku. Alikuja baada ya kupigana na Tai kwa miaka minne, na mizigo ya vita ile waliibeba punda, wakafa njiani kama nzige. Waliosalia walizawadiwa jina. Uwanja walipopiga kambi ukawa mtaa, mtaa ukaitwa Kariakoo.

"Carrier Corps," nilisema. "Kikosi cha wapagazi wa Waingereza."

"Umeshaanza," alisema mzee.

Simba alikuwa na bendera nyekundu, na juu yake alichora kichwa cha twiga. Kichwa tu, shingo ilikatwa pale bendera ilipohitaji nafasi. Wanyama walilitazama lile pambo miaka na miaka bila kulitilia maanani. Mwenye kulitilia maanani alikuwa Twiga peke yake. Alisimama pembeni akijiangalia pale juu, akihesabu.

Kazi ya punda ilikuwa ya siku. Alfajiri walijipanga langoni, nyapara akapita akichagua mgongo huu na kuuacha ule. Aliyechaguliwa alipewa kikaratasi, na kikaratasi hicho ndicho kilichompa jina lake mpaka leo: kibarua. Aliyeachwa alirudi nyumbani na mgongo mzima na tumbo tupu. Meli ikichelewa, punda alilala njaa. Meli tatu zikija pamoja, punda hakulala kabisa.

Sasa punda hajui kusoma, lakini anajua jambo moja ambalo farasi halijui, nalo ni kukaa chini. Mwaka 1939 punda wa bandari walikaa chini. Mwaka 1943 wakakaa tena. Mwaka 1947 walikaa kwa namna ambayo Simba hakuwahi kuiona, maana kukaa kule kulipanda gari moshi kukaelekea bara, stesheni kwa stesheni, na wanyama ambao bahari hawajaiona hata kwenye kalenda nao wakakaa chini, kila mmoja pale alipo. Simba aliunguruma siku chache. Kisha akaongeza pumba.

Punda wakajifunza kitu, wakaanzisha chama. Lakini mwaka 1950, walipokaa mara nyingine, zikatokea vurugu kati yao na askari, na Simba akakishitaki chama kwenye mahakama. Mahakama ilikuwa yake, hakimu wake, kiti chake. Chama kikafutwa. Bandari ikabaki na punda wengi na chama hakuna.

Ndipo mwaka 1955 akaja Sungura kutoka upande wa pili wa mlima. Kijana, mtanashati, suti imenyooka, ulimi kama umepakwa samli.

"Tom Mboya," nilisema. Sikuweza kujizuia.

"Mboya ana mkia?" mzee aliuliza. Wacheza bao walicheka. Nikanyamaza.

Sungura aliwakusanya akawaambia: "Ndugu zangu, kukaa mnakujua, lakini mnakaa kwa zamu. Punda akikaa, paka wa majumbani anapika. Paka akikaa, mchwa wa mkonge anakata. Mchwa akikaa, jongoo wa reli anasukuma gari. Simba hajawahi kulala njaa hata siku moja, na mnasema mmegoma! Tafuteni baraza moja mkae wote."

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wakaipata. Mwanzoni ilikuwa baraza kweli, ya kukalia, kama hii ya mzee. Kila chama kilileta mkeka wake. Wakamchagua katibu, Nyati kijana aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya Simba ya ustawi wa jamii, mpole wa sauti, mgumu wa shingo.

Hapa nilimkatiza tena, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu akiyanyamazia anapata kiungulia. Nilisema huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali, akacheza katika filamu ya Muhogo Mchungu, kisha akawa katibu mkuu wa kwanza wa TFL, lile shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika.

"Nyati gani anacheza filamu?" mzee alisema. "Nyati wangu alikuwa na pembe."

Basi baraza likawa na nguvu. Mzee alipofika hapa sauti yake ilibadilika, na nadhani kama hekaya ingekuwa yake peke yake angeisimamisha hapohapo, miaka ya 1955 hadi 1960, akaagiza kahawa nyingine. Alisimulia jinsi wanyama wa kiwanda cha bia walivyokaa chini mwaka 1958, na Twiga, ambaye wakati huo alikuwa na chama chake cha kumwondoa Simba, akatangaza kwamba bia ni mwiko mpaka wenzao wasikilizwe. Hata Fisi alikunywa maji. "Fisi, mwanangu! Fisi na glasi ya maji!" Siku hizo baraza la punda na chama cha Twiga walikuwa Kulwa na Doto: huyu akipiga chafya, yule anatafuta leso.

Mwaka 1959 ulipoelekea kwisha, njiwa wa posta walikunja mabawa, barua zikalala. Kabla hawajafungua, jongoo wa reli naye akakaa. Mgomo wa jongoo, alieleza mzee, kwa kawaida ni mrefu, kwa sababu miguu ni mingi na kila mguu lazima ushawishiwe. Lakini ikishakaa yote, kuiinua tena ni kazi ya miezi. Ule wa mwaka 1960 ulikaribia miezi mitatu. Magugu yaliota katikati ya mataruma.

Desemba 1961 Simba alishusha bendera yake, Twiga akapandisha ya kwake. Punda walicheza ngoma mpaka alfajiri. Alfajiri wakaenda langoni kama kawaida, wakatwishwa magunia. Mmoja wao, mzee wa mzee wangu pengine, alilipima gunia kwa mgongo akasema: "Ajabu. Uzito uleule."

Nyati kufikia wakati huo hakuwa tena barazani. Mkeka wake ulibaki, mwenyewe alishapanda ghorofani kwa Twiga, na Januari 1962 akawa mkuu wa shughuli zote za shamba. Wanyama walifurahi. Nani asingefurahi? Mtoto wa barazani leo ndiye anayeshika funguo za ghala! Baadaye wakampa jina la heshima, Simba wa Vita. Nilimwuliza mzee kama jina hilo halimpi taabu katika hekaya iliyoanza na simba mwingine. Alikunywa kahawa yake taratibu, akaweka kikombe chini, akaendelea kana kwamba hakusikia.

Punda wakamtuma mwenzao kwenda kumsalimu Nyati na kumkumbusha machache. Nyati alimpokea vizuri, akamkaribisha chai.

"Mdogo wangu," punda alisema, "tumekuja kwa sababu ya lile gunia."

"Kaka," alisema Nyati, "mgomo ulikuwa dawa ya Simba. Simba kaondoka. Sasa mgonjwa kapona, nanyi bado mnataka kumnywesha shubiri?"

"Simba kaondoka," punda alikubali. "Na gunia nalo?"

Nyati alisema suala la gunia linahitaji utaratibu. Na kweli, mwaka huohuo 1962 utaratibu ukatoka, umepigwa chapa. Punda mwenye nia ya kukaa chini sharti kwanza aseme na mwajiri. Wasipoelewana, apeleke shauri kwa msuluhishi. Msuluhishi akishindwa, lipande kwenye baraza la usuluhishi la Twiga, na likitoka huko ni uamuzi, si ushauri. Punda aliyeifuata njia hiyo hatua kwa hatua alifika mwisho akiwa amesahau alitaka kukalia nini.

Lakini mzee si mtu wa kuponda tu, na hili nalisema kwa sababu hekaya za barazani mara nyingi hukosa mizani. Mwaka huohuo, alisema, Twiga alilisikia ombi la siku nyingi. Wanyama walikuwa wakiimba usiku na mchana: "Tunataka kima cha chini! Tunataka kima cha chini!" Twiga, ambaye kwa urefu wa shingo maneno humfikia nusu, alisikia "kima" tu. Akaamuru Kima aletwe, akakalishwa tawi la chini kabisa la mbuyu, mahali pa kuonekana na kila mtu. "Nimewapa," alisema. "Huyo hapo. Nani tena analalamika?"

Ikabidi waende wajumbe watatu kumfafanulia. Mwishowe ukatoka mshahara wenyewe: shilingi 150 kwa mwezi kwa punda wa Dar es Salaam. Haukuwa mchezo, punda wa kibarua hakuwahi kuziota. Wenye mashamba ya mkonge walipiga hesabu zao upya, wakaona mchwa mwenye mshahara mzuri anatosha kuwa mchache, na bei ya katani ilipoporomoka miaka michache baadaye, mchwa kwa maelfu walifunga virago. Kima bado yuko kwenye lile tawi. Kila Mei Mosi anaulizwa kama amepanda, naye kila mara hujibu kwamba anajiandaa.

Wapo waliokataa kutulia. Jongoo mkubwa wa reli alisema hadharani kwamba Kulwa na Doto si lazima walale kitanda kimoja. Twiga alimsikiliza kwa upole, akampa zawadi ya kiota kizuri ng'ambo ya bahari, katika mji wa Simba mwenyewe, awe mwakilishi wa shamba huko. Jongoo alikaa kidogo, akaona baridi na maana ya zawadi, akarudi kuanzisha chama chake. Mchwa mkuu wa mkonge hakupewa ng'ambo. Mwezi Januari mwaka 1963 alipewa Sumbawanga.

"Kasanga Tumbo," nilinong'ona. "Na Victor Mkello."

"Na watu wa Sumbawanga?" aliuliza mzee kwa ukali wa ghafla. "Kila mtu anasema 'alipelekwa Sumbawanga' kama vile ni kaburini. Wenyeji wanazaliwa kule, wanalima kule, wanaoa kule. Kupelekwa ndiyo adhabu, mwanangu. Sumbawanga haina kosa."

Kisha ikaja Januari 1964. Nyuki walinzi wa mzinga waligeuza miiba usiku wa tarehe 20, wakidai nyongeza na kwamba wakubwa wao, waliokuwa bado wa damu ya Simba, waondoke. Kwa muda Twiga hakuonekana, na shingo ile, kuificha si kazi ndogo. Mwishowe, kwa aibu ambayo alikiri mwenyewe, alimwita Simba aliyemfukuza juzi aje awazime nyuki. Simba akaja kwa meli, akawazima, akaondoka akifuta masharubu. Ikasemwa kwamba baadhi ya wakubwa wa baraza walikuwa wakinong'ona na nyuki. Wakakamatwa, wakawekwa ndani. Mwezi wa Februari, baraza lililoanza kwa mikeka likafungwa kwa sheria, na siku hiyohiyo, kwa sheria hiyohiyo, likazaliwa jingine: kubwa, moja, la lazima. Nyumba yake ilikuwa na ngazi, na juu ya mlango kibao: NUTA.

Ndipo anapoingia Popo.

Popo, kila mtu anajua, ni ndege akiwa kwa ndege na mnyama akiwa kwa wanyama. Twiga alimteua kuwa katibu mkuu wa baraza jipya, na kwa kuwa tayari alikuwa waziri wa kazi, hakuona haja ya kumchosha kwa kumwondoa huko. Asubuhi Popo alikaa upande wa baraza akaandika barua: "Mheshimiwa Waziri, wanyama wanaomba nyongeza." Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba, akaipeleka mwenyewe ili kuokoa gharama za njiwa. Mchana akageuza kiti, akawa waziri, akaifungua bahasha. Akaisoma kwa makini, miwani puani. Akaandika: "Ndugu Katibu Mkuu, ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi." Jioni akageuza kiti tena, akalisoma jibu, akaridhika sana na heshima aliyopewa.

Nilisema, polepole safari hii, kwamba kwa binadamu mtu huyo alikuwa Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa rais wa TFL; kwamba sheria ya NUTA ilimpa rais wa nchi mamlaka ya kumteua katibu mkuu na naibu wake, na ikaliagiza baraza kuzitetea sera za chama tawala, TANU. Miaka michache baadaye Kamaliza mwenyewe alikuwa kizimbani katika kesi ya uhaini ya 1970, akafungwa. Mzee hakunikaripia. Alisema tu: "Popo hulala kichwa chini. Siku akiamka anaona dunia imepinduka, kumbe ni yeye."

Ada ya baraza ilikatwa kabla pumba haijafika mdomoni. Punda hakuulizwa, hakuombwa, hakuiona. Alipewa kadi. Kwa haki, baraza lilifanya la kufanya: ilitoka sheria mwaka huohuo 1964 iliyomzuia mwenye kiwanda kumfukuza punda kwa kosa la kukohoa, na kamati za wafanyakazi zikaundwa sehemu za kazi. Punda aliyewahi kufukuzwa kwa kukohoa hawezi kulidharau hilo. Ila walipouliza kuhusu kukaa chini, waliambiwa kukaa kwa nini, na viti vipo ofisini?

Halafu baraza likafanya jambo ambalo hata lenyewe halikulipima. Liliunda bendi. Nadhani waliona ni burudani ya wanachama, kitu cha kuchangamsha mikutano. Wakaajiri chiriku kadhaa kwa mshahara wa mwezi, wapiga gita, wapuliza tarumbeta, wakaiita kwa jina la baraza, NUTA Jazz. Katika nyumba nzima ile yenye ngazi na mafaili, chiriku ndio peke yao waliofanya kazi usiku. Waliimba habari za mke aliyeondoka, za rafiki aliyekopa akahama mtaa, za mshahara unaoisha tarehe kumi. Kuhusu baraza waliimba pale walipoagizwa. Lakini Jumamosi punda aliyechoka, mwenye alama ya kamba begani, alivaa shati safi akaenda kucheza, na kule hakuna aliyemkalisha kwa nguvu wala kumwinua.

Mwaka 1971 Twiga alibandika tangazo kwenye mbuyu. Lilikuwa refu, lenye vifungu vingi, likaitwa Mwongozo. Wanyama wengi hawakuwa na muda wa kulisoma lote, lakini wote walikijua kifungu cha 15, kile kinachomkataza kiongozi kuwa na majivuno, makuu na ukandamizaji. Punda wasiojua herufi walijifunza tarakimu mbili, moja na tano. Basi Kiboko meneja alipofoka kama alivyozoea, akamwita mbuzi wa mashine mpumbavu, mbuzi alizima mashine akamwonyesha tangazo. Kifungu cha 15, mzee! Kiwandani hapa, kiwandani pale, wanyama walianza kukaa chini, sasa wakiwa na maandishi ya Twiga mkononi. Mahali pengine walimfungia Kiboko nje ya lango.

Walitazamia baraza lije kuwapongeza. Baraza lilikuja, likiwa limevaa tai, likawaambia warudi kazini. Mwaka 1973, wanyama wa kiwanda kimoja cha mpira jijini walimfukuza mwenye kiwanda wakaendesha wenyewe, na kwa muda kidogo ilionekana kama Twiga ameandika alichokusudia. Kisha kwingineko waliojaribu kuiga wakapakiwa kwenye magari na kurudishwa vijijini kwao. Ikaja kujulikana kwamba kifungu cha 15 ni cha kusoma kwa sauti ya chini.

Kama kuna aliyefaidika na historia ya baraza bila kupoteza hata siku moja, ni Kinyonga, mchora vibao. Mwaka 1978 waliliita baraza JUWATA, wakalifanya tawi la chama kipya cha Twiga, na Kinyonga akapanda ngazi na kopo la rangi. Mwaka 1991 wakaliita OTTU, Kinyonga akapanda. Mwaka 1995 likawa TFTU. Akapanda, rangi ya OTTU ikiwa bado mbichi. Miaka ya 2000 ilipoanza likawa TUCTA. Mzee alihesabu kwa vidole akasema kitu ambacho mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuwahi kukiona: katika majina yote hayo, moja tu, JUWATA, lilikuwa kifupisho cha maneno ya Kiswahili. Mengine yote punda aliyabeba bila kujua ndani mna nini, kama sanduku la melini.

Mwaka 1986, kwenye miwa ya Kilombero, wanyama walikaa chini wakidai chao, na askari wakafyatua risasi. Wapo waliokufa.

Mzee hakuwapa hao majina ya wanyama. Alikaa kimya mpaka muuza kahawa alipopita na kengele yake.

"Tulikuwa wapi?" alisema.

"Kinyonga."

"Enhe. Mei Mosi." Mei Mosi, alisema, baraza lilikuwa likigawa fulana na kofia. Punda waliandamana mbele ya Twiga, fulana zimewabana, mabango mikononi, na mfanyakazi bora alipewa zawadi mbele za watu huku wengine wakipiga makofi na kukisia alivyoipata. Twiga alisema madai yenu nimeyasikia. Kila mwaka alisema ameyasikia, na hakuna aliyewahi kumshitaki kwa uongo, maana ni kweli alisikia.

Mara moja tu baraza lilitishia kweli. Ilikuwa 2010, zama za Twiga wa nne, yule mwenye tabasamu. Baraza, ambalo sasa mkuu wake hakuteuliwa tena na ikulu, lilidai kima kipande mpaka shilingi 315,000, likatangaza kwamba tarehe 5 Mei nchi nzima itakaa chini. Hata mzee, aliyekuwa ameshastaafu, alinyoosha mkeka. Siku mbili kabla, Twiga aliwaita wazee wa Dar es Salaam akawaeleza kwamba fedha hizo hazipo, na kama watu watamnyima kura kwa sababu hiyo, basi kura hizo yuko tayari kuzikosa. Wazee walipiga makofi.

"Mimi ni mzee wa Dar es Salaam," alisema mzee wangu kwa uchungu ambao haukuwa wa hekaya. "Nimezaliwa hapahapa. Sikualikwa."

Mgomo ukaahirishwa. Mkeka aliukunja.

Giza lilikuwa limeingia, na bao lilikwisha kwa ugomvi wa kawaida. Nilimwuliza chiriku waliishia wapi. Akashangaa kwamba sijui. Bendi nayo, alisema, ilibadilishwa jina kila Kinyonga alipopanda ngazi: NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz, JUWATA Jazz ikawa OTTU Jazz. Njiani chiriku mmoja mwenye sauti nzito, Muhiddin Gurumo (hapa yeye mwenyewe alisahau sharti lake, akataja jina zima), aliondoka 1978 kwenda kuanzisha Sikinde pale Mlimani Park, jiji likagawanyika kama ndoa, kisha miaka baadaye akarudi. Lakini OTTU ilipofutwa, wanamuziki hawakusubiri rangi ya nne. Walichukua jina ambalo watu walikuwa wameshaipa ngoma yao tangu zamani, jina la ile ngoma ndefu ya pwani yenye mlio mzito wa kutikisa kifua: Msondo. Baraza lililowaajiri halipo. Lililolirithi halipo. Wao wapo.

"Na kadi?" nilimwuliza. "Zile za chama?"

Alitoa pochi iliyochakaa mpaka imekuwa laini kama sikio. Mlikuwa na kadi tatu zimeshikana kwa jasho la miaka, namba zimefutika. Ada za kadi zote hizo, alisema, hakuna hata senti moja aliyowahi kuishika. Ilikatwa ofisini, karatasi ya mshahara ikaja imeshapungua. Nyuma ya kadi mlikuwa na noti moja ya elfu kumi, imekunjwa mara nne.

Aliinuka kwa shida, akajikung'uta vumbi la saruji, akamwita kijana mmoja wa bao.

"Msondo wanapiga wapi leo?"

Kijana akataja ukumbi.

"Kiingilio?"

Kijana akataja. Mzee akaikunjua ile noti, akailaza juu ya goti akainyoosha kwa kiganja, polepole, kona baada ya kona, akaitia kwenye mfuko wa shati mahali ambapo mkono ungeifikia upesi mlangoni, akaenda ndani kutafuta viatu.